Kilicho Muhimu kwa Nairobi, Kilicho Muhimu kwa Habaswein

Tarehe 11 Januari 2022, nguzo za laini ya umeme mkubwa inayotoka Kiambere kwenda Embakasi zilianguka, na sehemu kubwa ya Kenya ikaingia gizani. Serikali ilisema nguzo hizo zilihujumiwa. Kabla mwezi haujaisha, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa amesimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima, maafisa wa umeme walikuwa wamekamatwa na kuhojiwa, na mjadala kuhusu kulinda miundombinu muhimu ya taifa ulikuwa umetawala magazeti yote. Mwanzoni mwa mwaka huohuo Wizara ya Usalama wa Ndani ilichapisha katika Gazeti Rasmi la Serikali mifumo ya kompyuta inayohesabiwa kuwa nguzo za taifa, katika sekta za mawasiliano, nishati, fedha, uchukuzi, afya na nyinginezo.

Habaswein haikuzimika kwa ajali hiyo. Mji huu wa Wajir Kusini, ulio kwenye njia itokayo Modogashe kwenda Wajir, ulikuwa haujafikiwa na gridi ya taifa. Umeme wake hutoka katika kituo kidogo kilicho papo hapo mjini, chenye jenereta za dizeli zinazosaidiwa na jua na upepo. Taifa lilipozimika, Habaswein ilibaki na taa zake. Siku dizeli inapokwama matopeni njiani, Habaswein huzimika peke yake, na taifa halina habari.

Sheria zetu hupima umuhimu wa kitu kwa hasara ambayo taifa zima litapata kikiharibika: ni watu wangapi wataathirika, uchumi utapoteza kiasi gani, usalama wa dola utatikisika vipi. Kwa kipimo hicho, nguzo ya kilovolti 220 ni muhimu mno na kisima cha pampu karibu na kinamasi cha Lorian si kitu. Nashikilia kwamba kipimo hicho ni nusu ya kipimo. Nusu iliyosahaulika ina maswali mawili: kikiharibika hiki, kipo kingine? Na kama hakipo, watu na mifugo wataishi siku ngapi bila hicho? Ukipima hivyo, Kaskazini Mashariki ndiko kwenye miundombinu iliyo muhimu kuliko mahali pengine popote Kenya, kwa sababu karibu kila kitu huko ni kimoja tu.

Miaka miwili kabla ya giza la 2022, eneo hilo lilikuwa na Januari yake. Tarehe 7 Januari 2020, washambuliaji wa Al-Shabaab walivamia Saretho, karibu na Dadaab, wakiulenga mnara wa simu. Watu wanne waliuawa, wakiwemo wanafunzi. Siku sita baadaye, Kamuthe, katika kaunti hiyohiyo ya Garissa, walimu watatu waliuawa, kituo cha polisi kikachomwa na mnara wa mawasiliano ukaharibiwa. Matokeo makubwa yaliyoonekana ni kwamba Tume ya Huduma za Walimu iliwahamisha walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera, na shule nyingi zikabaki na wanafunzi bila wa kuwafundisha. Mnara wa Nairobi ukiguswa, dola huja. Wa Kamuthe ulipoguswa, dola iliwaondoa watumishi wake. Najua walimu wale walikuwa na haki ya kuogopa, na simlaumu yeyote aliyeondoka. Nasema tu kwamba hatua hizo mbili zinaonyesha tumekubaliana kimyakimya nini ni cha taifa na nini si chake.

Kenya haina sheria moja ya kulinda miundombinu muhimu. Rasimu zimewahi kuandikwa katika wizara inayohusika na teknolojia, lakini tulicho nacho ni viraka vingi vilivyoshonwa kwa nyakati tofauti. Kikongwe zaidi ni Sheria ya Maeneo Yanayolindwa, Sura ya 204, iliyotoka enzi ya ukoloni. Inampa waziri uwezo wa kutangaza eneo lolote kuwa la kulindwa, na yeyote aingiaye bila kibali amekosa. Ni sheria ya ukuta na lango. Inafaa bwawa, bohari la mafuta au kituo cha redio, mahali penye mpaka unaoonekana na askari mlangoni. Barabara ya mamia ya kilomita katika nyika haina lango.

Kuna Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012, inayohesabu uvurugaji wa huduma muhimu, kama mawasiliano, fedha na uchukuzi, kuwa sehemu ya ugaidi ukifanywa kwa nia ya kutisha umma au kuishinikiza serikali. Ipo Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, iliyoanzisha baraza la kutoa leseni kwa wanunuzi wa vyuma. Sheria ya Nishati ya 2019 inaadhibu wanaoharibu nyaya, transfoma na nguzo. Zote hizi zinamtazama mhalifu. Zinauliza nani ameiba, nani amelipua, afungwe miaka mingapi. Swali la nani alipaswa kuwa na transfoma ya akiba, na kwa muda gani huduma irudi, zinaligusa kwa mbali au haziligusi kabisa.

Iliyokaribia kuwa sheria ya kisasa ni ile ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Kifungu chake cha 9 kinasema mfumo unaweza kutangazwa kuwa muhimu ikiwa kuuvuruga kutakatiza huduma inayobeba uhai, ikiwemo maji, afya na nishati, au kutadhuru uchumi, au kutasababisha vifo vya watu wengi, au kutavuruga soko la fedha au usalama wa Jamhuri. Mwenye mfumo huo anawajibika kukaguliwa na kutoa taarifa, na shambulio la mtandaoni linapotokea, kamati ya kitaifa inapaswa kuarifiwa ndani ya saa 24. Anayeuvamia anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 25 au kifungo cha hadi miaka 20. Kanuni za kuitekeleza zilitolewa 2024.

Maneno hayo, huduma inayobeba uhai, ndiyo bora zaidi katika sheria zetu zote za nyanja hii. Kwa bahati mbaya yamefungiwa ndani ya kompyuta. Kisima ambacho pampu yake huwashwa kwa mkono na kuendeshwa na jenereta hakimo, ingawa kinanywesha maelfu ya ngamia na kijiji kizima. Kingekuwa na kompyuta kingeanza kufikiriwa. Hii ndiyo kasoro ya kuazima fikra ya ulinzi kutoka nchi ambazo maji yake yote yanaendeshwa na mitambo ya kielektroniki, na kuileta mahali ambapo adui wa kwanza wa huduma ni mchanga ndani ya chujio la dizeli.

Kilicho dhaifu Habaswein ni namna vitu vinavyotegemeana, kuliko kitu chochote peke yake. Barabara mbili kuu zinaleta mizigo kutoka kusini: moja yatoka Garissa, nyingine yatoka Isiolo. Zote mbili zinakutana Modogashe. Kutoka Modogashe kwenda Habaswein inabaki njia moja, inayopita katika bonde tambarare ambamo mto Ewaso Ng'iro hufifia na kuwa kinamasi cha Lorian. Mvua ikinyesha kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua, maji huja huko hata kama mawingu ya Wajir ni makavu. Mvua za El Nino za mwisho wa 2023 zilikata njia hizo. Wakati huohuo, kwa upande wa Nairobi, mto Tana uliifunika barabara pale Mororo, karibu na daraja la Garissa, na malori yakapanga foleni pande zote mbili. Mwisho wa Aprili 2024 maji yalirudi, na mashua iliyokuwa ikivusha watu Madogo ikapinduka, watu wakafa maji. Hii ni barabara kuu ya kuelekea makao makuu ya eneo lililokuwa mkoa mzima, na watu walikuwa wanaivuka kwa mashua.

Barabara ikikatika, cha kwanza kupungua ni dizeli. Dizeli ikipungua, kituo cha umeme kinaanza kugawa saa. Visima virefu vya pembezoni ambavyo havijawekewa paneli za jua vinasimama, na wachungaji wanahamia kwenye vichache vinavyofanya kazi, jambo linaloongeza saa za kusukuma maji na kuharakisha kuharibika kwa pampu hizo nazo. Minara ya simu, ambayo huko hutegemea betri, paneli na jenereta, inaanza kufifia. Simu ikizimika, M-Pesa imezimika, na kwa mfugaji aliyeuza mbuzi wake sokoni kwa njia ya simu hiyo ndiyo benki yake. Familia zinazopokea fedha za mpango wa serikali wa kupambana na njaa, ule wa HSNP unaohudumia Wajir, Mandera, Marsabit na Turkana tangu mwanzo wake, hazipati kitu kama wakala hana mtandao wala noti. Hospitali ya Habaswein ina majokofu ya chanjo. Ambulensi huitwa kwa simu na hutumia mafuta yaleyale.

Hakuna hata kiungo kimoja katika mnyororo huo kilichohitaji gaidi ili kivunjike. Mvua ilitosha. Na mnyororo huohuo unaweza kuanza upande wa pili, kutoka mbali kabisa. Julai 2023 mashambulizi ya mtandaoni yalivuruga eCitizen, na watu wakalalamika kwamba hata huduma za fedha za simu na ununuzi wa tokeni za stima zilikwama. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Anayeishi Nairobi alihamia mtandao mwingine au akaenda kwenye mashine ya benki. Kwa kijiji chenye mnara mmoja na bila benki, hakuna pa kuhamia.

Sheria hazijui mnyororo huu kwa sababu kila pete ina mwenyewe. Barabara kuu ni ya mamlaka ya kitaifa ya KeNHA. Kituo cha umeme kinaendeshwa na Kenya Power kwa mitambo iliyowekwa na shirika la umeme vijijini, ambalo leo linaitwa REREC. Mnara ni wa kampuni, wakati mwingine umejengwa kwa fedha za Hazina ya Huduma kwa Wote inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Maji, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ni kazi ya kaunti, lakini ujenzi mkubwa hupitia wakala wa kitaifa wa maji wa kaskazini ulioko Garissa. Usalama ni wa serikali kuu peke yake. Gavana anamiliki kisima na hana askari, kamishna wa kaunti ana askari na hana kisima. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 ilitarajia wakutane katika Mamlaka ya Polisi ya Kaunti inayoongozwa na gavana, ila chombo hicho kilibaki kwenye karatasi kwa miaka mingi katika kaunti nyingi.

Mwaka 2018 mageuzi ya polisi yalizaa, ndani ya Polisi wa Utawala, Kitengo cha Kulinda Miundombinu Muhimu. Ni hatua nzuri, kwa sababu kabla ya hapo askari wa kulinda bomba, reli au mtambo alikuwa ameazimwa tu kutoka kituo cha jirani. Lakini katika nyika ya Wajir na Garissa askari huyo ana tatizo ambalo sheria haikulifikiria. Anapopiga kambi chini ya mnara, mnara na kambi vinakuwa shabaha moja. Mshambuliaji hana haja tena ya kuchagua kati ya kuua polisi na kukata mawasiliano, atapata yote kwa risasi zilezile. Kikosi kidogo, kilicho mbali na msaada, kinachotegemea barabara iliyotegwa vilipuzi kupata maji na chakula, kinalinda mnara ambao kikosi chenyewe kinauhitaji kuomba msaada. Kuongeza askari wanne pale hakubadilishi hesabu hiyo. Kinachoibadilisha ni taarifa, yaani mtu aliyewaona wageni wakipita jana jioni kisimani kusema, na kusema mapema.

Na mtu huyo ana sababu zake za kunyamaza. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilitawaliwa kwa sheria za pekee tangu ukoloni, ikiwemo ile ya Usimamizi wa Wilaya Maalumu ya 1934, na watu walizuiwa kutembea bila pasi. Baada ya uhuru, hali ya hatari iliyotangazwa 1963 wakati wa vita vya shifta haikuondolewa mpaka 1991. Februari 1984, wanaume walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, nje ya mji wa Wajir, wakazuiliwa juani siku kadhaa, na wengi wakauawa na vikosi vya serikali yao. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika habari hizo katika ripoti yake ya 2013. Uwanja wa ndege ni miundombinu ya taifa. Kwa wazee wa Wajir, uwanja ule ndipo walipoiona dola ikiwa na nguvu zake zote. Anayetunga sheria ya kulinda mali ya serikali huko bila kulikumbuka hilo anatunga sheria ya mahali pengine.

Hii ndiyo sababu siridhiki na dhana kwamba ulinzi wa miundombinu ni shughuli ya siri. Afrika Kusini ilijaribu njia hiyo. Sheria yake ya Maeneo Muhimu ya Taifa ya 1980, ya enzi ya ubaguzi wa rangi, ilimruhusu waziri kutangaza mahali kuwa muhimu bila umma kujua. Miaka mingi baada ya ubaguzi kuanguka, nyumba ya Rais Jacob Zuma kule Nkandla nayo ilitangazwa kuwa eneo muhimu la taifa, na mwaka 2014 ilibidi mahakama iamuru orodha itolewe kwa wananchi walioidai. Sheria mpya ya 2019 iliiondoa ile ya zamani na kuanzisha baraza linaloshauri nini kitangazwe, likiwa na wajumbe wasiotoka serikalini. Muungano wa Ulaya nao, katika agizo lake la Desemba 2022, ulihamisha uzito kutoka kulinda majengo hadi kuhakikisha huduma haikatiki, na ikikatika irudi haraka. Mwendeshaji anatakiwa kuonyesha mapema atafanyaje mtambo ukianguka, awe aliyeuangusha ni mwizi, ni mafuriko au ni jasusi. Hilo la Ulaya ndilo Habaswein inalohitaji zaidi, kuliko adhabu ya miaka 20.

Lakini si lazima twende mpaka Ulaya kutafuta mfumo wa usimamizi. Mwaka 1993 wanawake na wazee wa Wajir, waliochoshwa na vita vya koo, walifikia makubaliano ya amani yanayojulikana kama Azimio la Al-Fatah. Dekha Ibrahim Abdi, mmoja wa walioanzisha harakati hizo, alipata tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na alifariki Julai 2011 baada ya ajali ya gari alipokuwa safarini kwenda Garissa. Kisha 2001, viongozi wa wilaya za kaskazini walikutana Modogashe, jirani ya Habaswein, wakaandika Azimio la Modogashe. Lilieleza mfugaji atokaye mbali apate vipi idhini ya malisho na maji kabla ya kuhamia, mifugo iliyoibwa irudishwe vipi, na fidia ya uhai uliopotea iwe kiasi gani cha ngamia.

Mtu akilisoma azimio hilo kwa jicho la mwanasheria wa miundombinu, ataona vitu ambavyo sheria ya Bunge haina. Lina anayewajibika, kwa sababu kosa la mtu hulipwa na ukoo wake. Linajua kwamba kisima hugombaniwa zaidi mwezi wa mwisho wa kiangazi, na hivyo linaweka utaratibu wa kugawana kabla mwezi huo haujafika. Kasoro zake ni kubwa na sizifichi: wanawake walithaminiwa kwa fidia ndogo kuliko wanaume, na kuuadhibu ukoo mzima kunagongana na Katiba inayomhukumu mtu kwa kosa lake mwenyewe. Hizo ni za kurekebishwa. Lakini kamati ya kisima inayojua zamu za kunywesha, inayoshika ufunguo wa jenereta na kutambua sauti ya pampu inayokaribia kufa, tayari ni mwendeshaji wa miundombinu muhimu. Sheria haina jina lake.

Wafadhili waliona hilo kabla ya Bunge. Katika mpango wa Kenya RAPID, uliogharamiwa na Marekani na Uswisi na kugusa Garissa na Wajir miongoni mwa kaunti za ukame, visima viliwekewa vifaa vinavyotuma taarifa kama pampu inafanya kazi au imesimama, ili mafundi watumwe bila kusubiri mtu asafiri kupiga ripoti. Ni wazo jema. Udhaifu wake ni ule wa miradi yote: fedha za mfadhili zina mwisho, na hakuna sheria inayoilazimu kaunti kuendelea kuzisoma taarifa hizo wala kuweka vipuri tayari. Fundi akijua leo kwamba pampu imesimama na asipate gari wala kipuri kwa wiki tatu, maarifa hayo hayajamnywesha mbuzi hata mmoja.

Liko jambo jingine Habaswein ambalo kila mjadala wa miundombinu hulipita, nalo ni maji yaliyo chini ya ardhi. Chini ya Habaswein imelala hazina ya Merti, inayonyooka kuelekea Dadaab na Liboi hadi ndani ya Somalia. Katikati yake maji ni matamu, kandokando ni ya chumvi, na sehemu kubwa ni maji ya kale ambayo mvua za leo hazirejeshi kwa kasi ya kuyatumia. Kambi za wakimbizi za Dadaab zimeishi kwayo tangu 1991. Mji wa Wajir, ulio kilomita zipatazo 100 kaskazini, umeishi kwa visima vifupi vilivyo jirani na vyoo, na umewahi kulipa kwa kipindupindu. Ndipo ukaja mpango wa kuchimba visima Habaswein na kuyasukuma maji kwa bomba hadi Wajir. Wakazi wa Habaswein waliupinga, wakihofia kwamba kuvuta maji mengi sehemu moja kutaileta chumvi ya kando na kuviharibu visima vyao.

Pande zote mbili zilikuwa na haki. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha, wa Wajir kama wa Habaswein. Kinachonishughulisha ni namna sheria ingeligawa hilo. Bomba lingejengwa, mara moja lingekuwa mali ya kulindwa: nguzo, pampu, askari, adhabu. Maji yenyewe, ambayo bomba haliwezi kuyaumba, yangebaki bila ulinzi wa kiwango hicho. Sheria ya Maji ya 2016 inaruhusu Mamlaka ya Rasilimali za Maji kutangaza eneo la kuhifadhi maji ya ardhini na kudhibiti uchimbaji ndani yake. Uwezo huo utumike kwa Merti, na kipimo cha chumvi katika visima vya wenyeji kiwe sharti la leseni, yaani chumvi ikipanda hadi kiwango kilichokubaliwa, pampu kubwa ipunguzwe kabla mtu hajaenda mahakamani. Bila hilo, mkazi wa Habaswein ataambiwa alinde bomba ambalo yeye analiona kama jeraha.

Swali la ardhi linafuata mkondo huohuo. Mnara, kituo cha jua na nguzo za umeme husimama juu ya ardhi ya jamii, na eneo kubwa la kaskazini bado halijasajiliwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Kwa ardhi isiyosajiliwa, kaunti ndiyo mdhamini, na fidia hukaa mikononi mwake mpaka jamii isajiliwe. Kwa hiyo jamii inaweza kuishi chini ya mnara miaka mingi bila kupokea kodi yake hata shilingi moja, kisha ikaulizwa kwa nini haikutoa taarifa mnara ulipovamiwa. Usajili wa ardhi ni kazi ya usalama, ingawa hakuna kamati ya usalama inayouweka kwenye ajenda zake. Nje ya mji wa Garissa kipo kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 na ushei, kilichofunguliwa Desemba 2019, na umeme wake huingia gridi ya taifa. Vijiji vya kaunti hiyohiyo ambavyo laini haijavifikia huuona ukienda Nairobi. Mradi wa KOSAP, uliopitishwa 2017 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulikusudiwa kupeleka jua katika kaunti 14 za namna hiyo, na kila kijiji kitakachopata paneli zake kitakuwa na jambo la kulinda lililo lake.

Haya yote yana muda maalumu, kwa sababu Habaswein inabadilika sasa hivi. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 750 kwa mradi wa ukanda wa Pembe ya Afrika, unaojenga sehemu za barabara ya Isiolo, Wajir hadi Mandera, pamoja na kebo ya faiba kandokando yake. Upo pia mpango wa kuleta umeme mkubwa kutoka Garissa kupitia Habaswein hadi Wajir. Vikikamilika, faiba itafuata barabara, na laini ya umeme haitakuwa mbali. Jambo ambalo wahandisi wanalijua na sheria haijalisema ni kwamba kuvipitisha vyote katika njia moja, juu ya bonde moja la mafuriko, ni kuvikabidhi kwa ajali moja. Mji ukishaunganishwa na gridi, kishawishi kitakuwa kuifunga stesheni ya zamani ya jenereta, jua na upepo ili kuokoa gharama, na siku laini itakapoanguka Habaswein itazimika pamoja na Nairobi bila cha kujishikiza.

Sheria ikija kutungwa, basi, nataka ndani yake kiwepo kifungu kinachosema kwamba umuhimu wa mtambo utapimwa pia kwa kutokuwepo kwa mbadala wake, na kwamba kaunti, pamoja na kamati za visima na wazee, zinaweza kupendekeza nini kiingie kwenye orodha. Kifungu kingine kimtake kila mwendeshaji wa huduma ya pekee katika eneo aseme kwa maandishi huduma itarudi ndani ya saa au siku ngapi, aweke vipuri na mafuta ya kutosha muda huo mahali palipo upande wa huku wa mafuriko, na akishindwa atozwe yeye, bila kujali ni nani aliyeharibu. Hazina ya Usawazishaji ya Ibara ya 204, ambayo Katiba iliitenga kwa maji, barabara, afya na umeme wa maeneo yaliyoachwa nyuma, iruhusiwe kugharamia akiba hizo, maana kwa sasa inafikiriwa kama fedha ya kujenga vipya tu. Na kabla KeNHA haijapokea kipande cha barabara kati ya Modogashe na Habaswein kutoka kwa mkandarasi, aulizwe wazi, mbele ya watu wa Habaswein, makalavati yale yamepimwa kwa mafuriko ya mwaka gani.